Kamera Mbili za Studio Moja

Ukiingia studio ile, kabla hujaketi ulikutana na swali moja: "Rangi au nyeusi-nyeupe?" Ukijibu rangi, mama aliyekuwa kaunta aliinuka mwenyewe na kuchukua kamera. Ukijibu nyeusi-nyeupe, aligeuza shingo tu akaita, "Baba Pacha, mgeni wako!"

Aliyetoka nyuma ya pazia alikuwa mumewe, mwanamume mrefu mwenye vidole vilivyokaushwa na dawa za kusafishia picha. Mtaa mzima ulimwita Kivuli, kwa sababu hakuna aliyewahi kusimama mbele ya kamera yake asiambiwe, "Sogea kivulini kidogo." Alipiga kwa kamera ya zamani ya filamu, akasafisha mwenyewe kwenye chumba cha giza, na kazi yake ilikuwa na sifa. Watu wazima waliotaka picha ya heshima, ile ya kutundikwa sebuleni na kurithiwa, walimwendea yeye. Harusi, mahafali, watoto wachanga na pasipoti vilikuwa vya mkewe, na kusema kweli ndivyo vilivyolisha nyumba, ingawa hakuna aliyelitaja hilo mezani.

Mgawanyo huo ulikuwa na miaka kumi na tisa. Mwanzoni kabisa, pacha wao wakiwa bado wanatambaa, Mama Pacha aliwahi kuomba afundishwe filamu. Kivuli alimjibu kwa upole, maana hakuwa mtu wa makelele.

"Mshika mawili moja humponyoka, mke wangu. Anayeona rangi anaona rangi. Anayeona mwanga anaona mwanga. Mpiga picha ana jicho moja."

"Mimi ninayo mawili," mkewe alisema.

"Yanatazama upande mmoja."

Hapo maneno yakaisha. Mama Pacha akashika rangi, akaiweza, na kila alipopita chumba cha giza kupeleka chai aliiacha mlangoni.

Kisha siku moja ya Alhamisi kaka yake Mama Pacha akapiga simu. Mama yao alikuwa ameteleza bafuni, mfupa wa nyonga umevunjika, ameshapasuliwa hospitali, na sasa alihitaji mtu wa kumwinua, kumwogesha na kumvumilia. Kaka mtu alisema kwa unyonge kwamba kuinua anaweza, ila kuvumilia ndiko kunakomshinda.

Mama Pacha alianza kufungasha palepale. Tatizo lilikuwa Jumamosi. Binti wa fundi cherehani, jirani wa milango mitatu, alikuwa anaolewa, na picha alikuwa ameahidiwa tangu mwaka uliopita.

"Nitapiga mimi," Kivuli alisema.

"Kwa rangi?"

"Kamera ni kamera. Kitufe ni kilekile."

Mkewe alimtazama kama anayetaka kusema neno, akakunja gauni jingine. "Basi hiyo ya rangi inabaki kwako. Mimi nipe ya filamu. Siwezi kukaa na mama mwezi mzima mikono mitupu."

Kivuli alisita. Ile kamera hata fundi wa kamera alikabidhiwa kwa masharti. Lakini kumnyima mke ambaye mama yake yuko kitandani ni aibu, akaitoa, pamoja na filamu mbili.

"Utazipoteza tu," alisema.

"Zikipotea zitakuwa zimepotea kwa mama yangu," mkewe akajibu, akafunga zipu ya begi.

Jumamosi Kivuli alifika harusini kabla ya wapambaji. Alifanya alivyozoea: akatafuta mwanga wa pembeni, akapanga watu kwa urefu na kwa umbo la nyuso, akangoja mpaka kila mtu asahau kuwa kuna kamera. Kwa macho yake kila kitu kilikaa sawa. Mashavu yalikuwa na umbo, macho yalikuwa na nukta ya mwanga. Alirudi nyumbani akipiga mluzi, akijiuliza mkewe alikuwa anachoshwa na nini kila Jumapili.

Jumatatu asubuhi alifungua kompyuta, na mluzi ukakatika.

Turubai la harusi lilikuwa la bluu. Chini yake walikuwa wametundika taa za manjano. Bluu ilishuka kutoka juu, manjano ikatoka ubavuni, zikakutana usoni kwa bibi harusi na kumfanya rangi ya embe bichi. Kwenye picha nzuri kuliko zote, ile ambayo maharusi wanatazamana, kati ya mabega yao ilionekana ndoo nyekundu ya plastiki iliyosahauliwa na wapishi. Katika filamu yake ndoo ile ingekuwa doa la kijivu, nani angejali? Hapa ilikuwa inapiga kelele. Ukiiona mara moja, huwaoni maharusi tena.

Alihangaika siku nzima. Alipoponya uso, gauni liliugua. Alipotibu gauni, bwana harusi akawa zambarau mpaka masikioni. Simu aliishika mara mbili ampigie mkewe, akairudisha mfukoni. Mkewe ana mgonjwa, asisumbuliwe. Hiyo ndiyo sababu aliyojipa.

Jumatano fundi cherehani alikuja mwenyewe. Alikuwa mama mnene, mwepesi wa miguu, mwenye pini mbili daima kwenye kola ya blauzi. Akavuta kiti karibu na kompyuta, akatazama picha kumi mfululizo. Ya kumi na moja akauliza, "Huyu ni mwanangu?"

"Ni yeye, dada."

"Mbona amekuwa kijani? Nimemwoza au nimemlaza wodini?"

Kivuli alieleza habari za turubai. Kisha akatoa alichokuwa amekipanga tangu jana. "Naweza kuzigeuza zote nyeusi-nyeupe. Zitapendeza sana. Zitakuwa za kudumu."

Fundi alivua miwani. Hakupandisha sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Kaka yangu. Ile zambarau ya wasimamizi nimeitafuta miezi mitatu. Nimerudisha majora mawili dukani kwa sababu moja lilielekea bluu na jingine lilielekea wekundu. Mwanangu alitaka zambarau ya ua la bilinganya, na nikaipata. Sasa unataka kuniletea majivu?"

Kivuli alitazama vidole vyake. Labda ni hilo lililomfanya fundi amhurumie, maana aliinuka na kusema, "Twende dukani kwangu."

Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye cherehani tatu na taa ndefu nyeupe darini. Alichomoa kipande cha ile zambarau na vibiringo viwili vya uzi, akaviweka mezani. "Uzi upi ni wa kitambaa hiki?"

Kivuli aliangalia. Vyote vilikuwa sawa. Akachagua wa kushoto.

"Haya, njoo." Fundi akamvuta hadi kizingitini, kwenye mwanga wa asubuhi usio na jua la moja kwa moja. Uzi wa kushoto ukageuka kahawia palepale, kama uliokamatwa ukidanganya. Wa kulia ukakaa kimya ndani ya kitambaa, hauonekani.

"Kila mwanafunzi wangu, jambo la kwanza kabisa namfundisha hili kabla ya kumpa sindano," fundi alisema. "Uzi hauchaguliwi ndani. Rangi haiko kwenye kitambaa peke yake, iko pia kwenye kinachoiangaza. Wewe umepiga picha miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Pole," alisema fundi, na alimaanisha.

Kwa siku tatu zilizofuata Kivuli alikuwa mwanafunzi kwenye kizingiti kile. Alipeleka kamera ya mkewe, akapiga vitambaa, vifungo, mikono ya wasichana wa cherehani. Aliona kwamba shati jekundu likisimama karibu na ukuta linaupaka ukuta. Aliona kwamba kwenye rangi lazima utazame pembe zote nne kabla ya kubonyeza, maana kitu chekundu hakijifichi. Mara nyingine alikosea hadi wasichana wakacheka na kumwita "mwalimu wa vivuli". Alicheka nao, ingawa si kila mara kutoka moyoni.

Jumapili fundi aliwaita maharusi na wasimamizi wanne warudi wamevaa tena. Bwana harusi alikuja na suti na uso wa mtu aliyenyang'anywa usingizi. Harusi yenyewe haikuweza kurudiwa. Zile za turubai zilibaki zilivyo, nyingine zikatupwa. Lakini nje ya duka, mbele ya mlango wa mbao usio na rangi, Kivuli alipiga picha thelathini, na katika hizo ngozi ilikuwa ngozi na zambarau ilikuwa zambarau.

Mama Pacha alirudi wiki ya nne, amekonda kidogo, ana furaha. Mama yake alikuwa ameanza kusimama. Alimpa mumewe filamu mbili zilizofungwa kwenye leso. "Usinicheke," alisema.

Mchana uleule Kivuli alizisafisha. Alipozitundika kwenye kamba zikauke, akawasha taa na kuanza kuzipitia moja moja kwa kioo cha kukuzia, akiwa tayari kusamehe. Sita za kwanza zilikuwa giza tupu. Ya saba ilitikisika. Alikuwa ameshaanza kutabasamu alipofika ya ishirini na mbili.

Mama mkwe wake alikuwa amesimama. Mkono mmoja umeshika ukuta, mwingine uko hewani, haujui uende wapi. Alikuwa ameinamisha kichwa anautazama mguu wake mgonjwa, na alivyoutazama, ni kama anamtazama mtoto aliyetumwa dukani asubuhi akarudi jioni bila kitu. Hasira, na mapenzi, na nitakuonyesha. Mwanga wa dirisha uliingia chini, ukapanda kwenye goti, ukaishia kidevuni. Hakukuwa na kitu cha ziada.

Kivuli alikaa kwenye stuli. Alikuwa ameingojea picha kama ile miaka ishirini na sita, na labda aliipata mara mbili.

Mtu akiona kitu kizuri kimefanywa na mke wake anapaswa kufurahi. Alijiambia hivyo. Lakini kilichompanda kifuani hakikuwa furaha, na alikuwa mkweli wa kutosha kulijua jina lake. Kesho yake alimpa mkewe picha tatu zilizosafishwa: mama kitandani, mama na kaka, mama anakunywa uji.

"Nyingine zikoje?" Mama Pacha aliuliza.

"Zipo zipo. Kwa filamu ya kwanza si haba."

"Hakuna ile aliyosimama?"

"Ilitoka na giza."

Mkewe alizitazama zile tatu kwa muda. "Basi," alisema, akazirudisha kwenye bahasha. Angegomba ingekuwa nafuu. Neno lile moja lilimkaa Kivuli kooni kama mwiba wa samaki, akala nalo, akalala nalo.

Wiki iliyofuata fundi cherehani alikuja kuchukua albamu. Kivuli alikuwa ameipanga mwenyewe, na alisimama kando mikono nyuma, akingoja. Fundi alifunua taratibu. Kwenye kurasa za mlangoni alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hizi si mbaya, kaka. Kwa kweli si mbaya. Zimekaribia za mke wako."

Alilisema kwa wema, akaondoka na albamu yake kwapani. Kivuli alibaki kaunta. Zimekaribia. Alikuwa ametoa jasho kwa picha zile kuliko kazi yoyote ya miaka kumi iliyopita, na tangu asubuhi alikuwa anatamani mtu mmoja tu aseme ni nzuri, nukta. Akakumbuka "si haba". Akakumbuka, moja baada ya nyingine, mara zote mkewe alipomletea picha ya jua likizama au ya pacha na sare mpya, naye akasema rangi zimesaidia.

Mama Pacha alikuwa anampanga mtu wa pasipoti mbele ya pazia jeupe.

"Mama Pacha, njoo chumba cha giza."

"Nina mteja."

"Mwambie asubiri kidogo. Samahani, ndugu yangu, keti hapo."

Mlango ulipofungwa Kivuli alisema kabla ujasiri haujamtoroka. "Ile picha haikutoka na giza."

"Najua."

"Umejuaje?"

"Niliiona kwenye kamba kabla hujaikata. Nimeishi na negativu miaka kumi na tisa, ulidhani naziona kama nyoka walioanikwa?"

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka kuona utakaa nayo siku ngapi."

"Kumi na moja."

"Nilihesabu."

Nje mtu wa pasipoti alikohoa kistaarabu. "Nilikuonea wivu," Kivuli alisema. "Picha ile ni bora kuliko zangu nyingi. Nilikufungia mlango huu wakati ule, na sina sababu ya maana ya kukupa."

Mama Pacha hakusema amemsamehe. Alifunga khanga kiunoni kama mtu anayeingia jikoni na kusema, "Haya. Isafishe basi, nione."

Alimaliza kwanza na yule wa pasipoti, kisha wakajifungia. Kivuli aliweka negativu kwenye mashine ya kukuzia, akapima muda, akatumbukiza karatasi kwenye beseni la dawa. Katika ile taa nyekundu mama mkwe akajitokeza polepole, mguu kwanza. Ilikuwa picha kali, nyeusi imekolea, ukuta mweupe kama chumvi. Ilikuwa picha ya Kivuli.

"Hapana," mkewe alisema. "Ukuta haukuwa hivyo. Ulikuwa kama maziwa yaliyokaa. Na uso wa mama usiuchimbe hivyo, umemzeesha."

Kivuli akatoa karatasi ya pili, kisha ya tatu. Kwenye ya nne Mama Pacha alinyamaza, na Kivuli akajua ndiyo hiyo. Waliisimamia wakiwa wameegemea ukuta, bega kwa bega, maji yakitiririka kwenye beseni.

"Ulionaje?" Kivuli aliuliza. Safari hii hakuwa anampima.

"Mama alikuwa amevaa gauni la kijani, na nyuma yake kwenye kiti kulikuwa na shuka jekundu. Kwa rangi ingependeza mno. Nikafinya jicho kama unavyofinya wewe. Nikaona vyote viwili vinageuka majivu ya namna moja, na mama anamezwa na kiti. Nikaliondoa shuka."

"Kwa hiyo uliona rangi kwanza."

"Ningeona nini kingine? Ndiyo macho niliyonayo. Niliona rangi, nikaiuliza itakuwa nini ikifa."

Kivuli alifikiri juu ya jambo hilo. Yeye alipopiga filamu hakuwahi kuuliza rangi kitu; aliipita kama mtu anayepita sokoni hana haja ya kununua. Na siku ile ya harusi alikwenda bila kujua kwamba sokoni ndiko alikopelekwa.

Picha walimtumia kaka, naye akaipeleka kwa mama yao. Jioni simu ililia. Mama Pacha akaiweka mezani ili mumewe naye asikie.

"Nimeiona," sauti ya mama mkwe ilisema. "Ni mimi kweli. Mpaka ule mguu mpumbavu ni wenyewe. Lakini hii ni picha ya kuweka juu ya jeneza. Mimi bado nipo. Nataka ya rangi, nimevaa gauni langu la manjano. Na wewe binti yangu umeshapiga yako. Aje mkwe."

"Mama, mkwe wako si..." Mama Pacha alianza.

"Nitakuja, mama," Kivuli alisema.

Alikwenda Jumamosi iliyofuata, na kamera ya rangi peke yake. Mama mkwe alikuwa amekwisha kaa barazani, manjano tupu kuanzia kichwani, fimbo mapajani. Kivuli alimwamkia, akainua kamera, akaishusha. Paa la baraza lilikuwa la mabati ya plastiki ya kijani. Aliutazama mkono wa yule mama, akautazama ukuta, kisha akaomba ruhusa ya kuhamisha kiti. Alikihamisha mara tatu.

"Mkwe, umekuja kupiga picha au kupanga samani?"

"Nisamehe, mama. Nataka manjano yako yawe manjano."

"Kwani yatakuwa nini?"

"Hapa barazani yatakuwa kama majani ya mchicha."

Mama mkwe alicheka, mdomo wazi, bila kuufunika kwa kiganja kama kawaida yake, na Kivuli akabonyeza. Alipiga ishirini. Nyingi zilikuwa za kawaida. Kwenye moja kamba ya nguo ilimkata shingo. Ile ya kicheko ilikuwa nzuri.

Nyumbani Mama Pacha aliikuza kwenye kompyuta na kuikagua kona kwa kona. "Ningekuwa mimi ningesogea karibu zaidi," alisema. Kisha, baada ya muda: "Lakini ni nzuri."

Kivuli aliitikia tu, akaenda kuchemsha chai, akajikuta anatabasamu na birika.

Tangu hapo walipokezana kamera. Hawakugeuka mabingwa wa vyote kwa siku moja. Mwaka uleule Mama Pacha alimpiga mwalimu mkuu mmoja kwa filamu akatoka kama aliyepakwa tope, na Kivuli akarudia mahafali mazima kwa kuomba radhi mlango hadi mlango. Mmoja akikosea, mwingine alijua pa kumwonyesha, na hakuna aliyesema tena "si haba".

Mama mkwe aliitundika ya manjano sebuleni, mahali ambapo mgeni hawezi kuketi asiione. Ile nyingine alimwagiza mwanawe aibandike ndani ya mlango wa kabati la nguo. Kaka mtu alipouliza kwa nini picha nzuri namna ile ifichwe, alijibiwa kwamba yule wa sebuleni ni wa watu wote, lakini huyu wa kabatini mama mwenyewe humwamkia kila asubuhi anapovaa, ili amkumbushe kuushika ukuta.